Somo: Kuchagua rimu na matairi yanayokaa sawasawa kwenye Volkswagen Beetle

Ninaandika somo hili ili kila atakayeuliza "Beetle inavaa tairi gani?" nimwelekeze hapa, kwa kuwa nimechoka kurudia maelezo yaleyale. Linahusu Beetle za kawaida zenye rimu za inchi 15, si zile zilizobadilishwa ekseli. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962 likiwa na matairi membamba, kwa hiyo sioni kwa nini lihitaji matairi mapana ili kwenda sokoni.

Hatua ya 1: Hesabu matundu ya bolti kwenye gari lenyewe. Beetle za zamani zina bolti tano kwenye duara la milimita 205, na za baadaye, kuanzia miaka ya mwisho ya 1960, zina nne kwenye duara la milimita 130. Usitegemee mwaka ulioandikwa kwenye kadi, kwa sababu madramu ya breki huhamishwa kutoka gari moja hadi jingine. Kwenye bolti nne, pima kati kwa kati ya matundu yanayotazamana. Kwenye bolti tano hakuna matundu yanayotazamana, hivyo pima kati kwa kati ya matundu mawili yanayofuatana. Ukipata takriban milimita 120.5, hilo ndilo duara la 205.

Hatua ya 2: Soma upana uliogongwa kwenye rimu, ambao kwa kawaida ni 4J au 4½J, yaani inchi 4 au 4½.

Hatua ya 3: Chagua upana wa tairi kwa kufuata upana wa rimu, si kwa kufuata kilichopo dukani. Saizi iliyochukua nafasi ya 5.60-15 ya zamani ni 165/80R15 (upana milimita 165, kimo cha ukuta asilimia 80 ya upana huo, rimu ya inchi 15), ambayo hukaa vizuri kwenye rimu ya inchi 4 hadi 5½. Tairi la 195/65R15 linataka rimu isiyopungua inchi 5½. Ukilivalisha kwenye 4J, kingo zake hubanwa, uso wake huvimba katikati, na gari huyumba kwenye kona kwa sababu kuta za tairi hazina mahali pa kushikilia.

Hatua ya 4: Linganisha kipenyo. Tairi la 165/80R15 lina kipenyo cha milimita 645, na la 155/80R15 lina 629, tofauti inayovumilika. La 185/65R15 lina takriban 621 tu, hivyo spidomita ikionyesha kilomita 100 kwa saa, kweli unakwenda kama 96, na gari limeshuka zaidi ya sentimita moja kwenye barabara zetu zenye matuta.

Hatua ya 5: Pima ofseti, yaani umbali kati ya uso wa rimu unaogusana na dramu na mstari wa katikati ya upana wa rimu. Naomba hapa usome polepole. Laza rimu tupu kifudifudi, weka rula iliyonyooka juu ya ukingo wa nyuma, kisha pima kutoka kwenye rula kwenda chini hadi kwenye uso wenye matundu ya bolti. Toa nusu ya upana wote wa rimu, na kinachobaki ndicho ofseti. Tahadhari ni kwamba "upana wote" hupimwa nje kwa nje, pamoja na kingo, na kwa kawaida huzidi namba ya J kwa karibu inchi nzima. Ukitumia nusu ya 4½J, yaani milimita 57, badala ya nusu ya upana halisi, ambayo ni kama 70, hesabu itakupa ofseti kubwa kuliko ilivyo, nawe utanunua rimu zinazozama ndani kwa zaidi ya sentimita moja. Dalili yake naijua vizuri: mstari mweusi unaong'aa kuzunguka bega la ndani la tairi jipya, na harufu ya mpira kila unapokata usukani hadi mwisho. Kumbuka pia kwamba rimu ya 5½J yenye ofseti ileile ya 4½J huongezeka milimita 12.7 ndani na kiasi hichohicho nje. Wenye Beetle za modeli ya 1302 na 1303 wawe waangalifu zaidi, kwa maana shokapu ya mbele yenye springi imekaa karibu sana na tairi.

Hatua ya 6: Jaribu gari likiwa chini, limebeba watu wanne, usukani ukikatwa kulia na kushoto. Ekseli ya nyuma ya Beetle nyingi huinamisha gurudumu kadiri gari linavyopanda na kushuka, hivyo nafasi unayoiona gari likiwa juu ya jeki si ile utakayokuwa nayo barabarani.

Hatua ya 7: Jaza upepo kwa kufuata kitabu cha gari. Kwa matairi ya radiali ni takriban psi 18 mbele na 27 nyuma, kwa sababu injini iko nyuma. Mwambie fundi pancha kabla hajajaza 30 kote.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau_Kinondoni: Mkuu, Beetle inaweza kuvaa tairi za Toyota Premio, zile 195/65R15? Nijibu haraka, niko dukani.

Mwandishi: Hatua ya 3.

Mdau_Kinondoni: Fundi wangu amezivalisha na zimeingia bila shida, sasa wewe unatisha watu tu.

Mwandishi: Sikusema hazitaingia. Nimesema 195/65R15 linahitaji rimu ya inchi 5½, na kiwango hicho kimewekwa na watengenezaji wa matairi, si mimi. Rimu zako zimeandikwa ngapi?

Mdau_Kinondoni: Sijaangalia.

Mwandishi: Basi angalia kwanza, kisha tuendelee.

Bolti_Tano: Rimu za Toyota je? Nazo si za inchi 15?

Mwandishi: Inchi 15 ni kipenyo cha rimu tu. Toyota nyingi ndogo zina duara la milimita 100, na lako ni 205 au 130. Tafadhali usimruhusu mtu akutobolee matundu mapya.

Mama_Beetle: Shikamoo, mwalimu. Nilibadilisha matairi mawili ya nyuma tu, nikaweka madogo kidogo, lakini nikilinganisha na GPS naona gari linakwenda polepole kuliko zamani kwa mzunguko uleule wa injini, ilhali spidomita haijakosea. Inawezekanaje?

Mwandishi: Marahaba, dada. Umechunguza vizuri. Kebo ya spidomita ya Beetle haitoki kwenye gia boksi. Inapita ndani ya ekseli ya gurudumu la mbele la kushoto na kuzungushwa na kifuniko cha grisi, ambacho kina tundu la mraba katikati. Kwa hiyo spidomita husoma tairi hilo moja tu, na ukilibadilisha ndipo itakapokosea. Matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma gari. Yakiwa madogo, kila mzunguko wa injini hukupeleka umbali mfupi zaidi. Mlimani utafaidika, lakini kwenye safari ndefu injini itapiga kelele na kula mafuta zaidi.

Mama_Beetle: Ahsante sana. Na tairi la spea, nalo lijazwe 18 kama ya mbele?

Mwandishi: Hapana, na nashukuru umeuliza. Kwenye Beetle nyingi upepo wa spea ndio unaosukuma maji ya kuoshea kioo, kupitia mpira mwembamba uliofungwa kwenye vali. Lijaze hadi psi 42, kisha upunguze siku utakapolifunga kwenye gari.

Bolti_Tano: Kumbe! Yangu haijawahi kurusha maji tangu niinunue.

Mwandishi: Kagua huo mpira kwanza, mara nyingi huwa umepasuka pale unapoingia kwenye chupa ya maji. Ukiwa hapo, soma na tarakimu nne za mwisho za DOT, msimbo uliogongwa ubavuni mwa tairi, kwenye spea yako: 2309, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2009, na tairi la umri huo halifai hata kama kashata zake bado ni nzima.