SOMO: Jinsi ya kujua kama chapa yako ya zamani ni halisi

Wakuu, nimechoka na "hii ni orijino?" kila siku. Naandika mara moja, atakayeuliza tena mleteni hapa.

Chapa ni picha iliyochapwa karatasini kutoka bamba lililochorwa. Mfano wetu ni ya Whistler, mchoraji Mmarekani aliyeishi London, ya mwishoni mwa miaka ya 1850: mwanamke anasoma kando ya taa, kitabu karibu kiguse pua. Ni Deborah, dada yake kwa baba, mke wa Seymour Haden, daktari wa upasuaji wa London aliyekuwa naye mchoraji wa mabamba. Bamba la shaba hupakwa nta, huchorwa kwa sindano, asidi ikala palipochorwa. Wino hukaa humo, karatasi mbichi ikakandamizwa juu.

1. Itoe kwenye fremu.

2. Shika kioo cha kukuzia. Nukta zilizojipanga? Imetoka kitabuni. Ishia hapo.

3. Tafuta mbonyeo wa kingo za bamba kuzunguka picha.

4. Kagua wino. Hapa ndipo pesa za watu hupotelea, maana mbonyeo peke yake hauthibitishi kitu! Paris, miaka ya 1870, mchapaji Amand-Durand alinakili chapa za mabingwa wa kale Rembrandt na Dürer kwa kuzipiga picha na kuzihamishia kwenye bamba la shaba. Nakala ya namna hiyo ina mbonyeo na haina nukta zilizojipanga. Inua karatasi usawa wa jicho, mwanga utoke ubavuni. Kwenye halisi, mistari ya gizani ililiwa na asidi muda mrefu, hivyo wino wake umetuna kuliko ule wa mistari laini ya uso. Kwenye nakala mwinuko huelekea kulingana. Geuza na nyuma: Amand-Durand aligonga muhuri, ila muhuri hukwanguliwa. USINUNUE kwa picha ya simu. Na usipapase wino.

5. Linganisha vipimo na orodha ya chapa za Whistler ya Chuo Kikuu cha Glasgow, ipo bure mtandaoni. Karatasi hunywea ikikauka, milimita moja mbili zisikutishe.

MASWALI

— Mkuu, yangu inauzwa bei gani?
Picha hujaweka, hatua ya 2 hujafanya. Rudi juu.

— Ina sahihi ndani ya mchoro, si inatosha?
Sahihi ya ndani ya bamba hutokea kwenye kila nakala, hata ya kopi. Haitoshi.

— Samahani kaka, mbona mistari mingine ina ukungu kama mahameli?
Swali zuri, dada. Hiyo imechorwa kwa sindano moja kwa moja kwenye shaba, bila asidi. Shaba inayoinuka pembeni ya mstari hushika wino. Inasagika haraka, kwa hiyo ukungu mwingi ni dalili ya chapa za mwanzo. Tazama "Weary" ya Whistler ya 1863, mwanamke aliyekuwa akimchora, Jo Hiffernan, ameegemea kiti: nywele zake ni ukungu mtupu.

— Yangu imekatwa hadi ukingoni. Imeharibika?
Si lazima. Kuanzia 1880 hivi Whistler alikata mwenyewe, akiacha kilimi, kipande kidogo cha karatasi kinachochomoza ukingoni, chenye alama yake ya kipepeo. Bila kilimi, shuku.

— Huku Tanga zinaota madoa ya kahawia.
Unyevu. Isigusane na kioo, isikae ukuta wa nje, na selotepu weka mbali kabisa.