Somo: Kupima kazi ya vitendo ya Sayansi Kimu kwa wanafunzi wa sekondari

Somo hili ni la mwalimu wa Sayansi Kimu (upishi, ushonaji na utunzaji wa nyumba), mwenye darasa jikoni na karatasi ya alama mkononi. Mfano wetu ni jaribio moja tu, keki ndogo ya siagi. Ushonaji umejibiwa kwenye maswali.

Kabla ya hatua yoyote, shika hili: sahani inayofika mezani haisemi yote. Keki nzuri inaweza kutoka kwa mwanafunzi aliyekisia vipimo na kufutia kisu kwenye aproni, na keki iliyobonyea inaweza kuwa kosa la oveni. Alama nyingi zipatikane mikono ikiwa kazini, na ziandikwe papo hapo.

Hatua ya 1: Andika vigezo vinavyoonekana kwa macho

"Anazingatia usafi" hakipimiki. "Ameosha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, na tena baada ya kuvunja mayai" kinapimika, maana ama umeona ama hukuona. Ukikuta kigezo chenye neno "vizuri" au "ipasavyo", jiulize hilo "vizuri" linaonekanaje, kisha andika jibu lake mahali pake. Vigezo 15 vya utendaji vinatosha. Vikizidi hapo, utakuwa unaangalia karatasi badala ya mwanafunzi.

Hatua ya 2: Gawa alama

Kwa jumla ya 100: mpango 20, utendaji 45, matokeo 25, tathmini ya mwanafunzi mwenyewe 10. Wapo wanaoyapa matokeo nusu nzima ya alama. Hatushauri hivyo, kwa sababu aliyeangukia oveni mbovu ataadhibiwa kwa kosa la chuma.

Kila kigezo cha utendaji kina alama 0 hadi 3. Sifuri, hakufanya. Moja, alifanya baada ya kuelekezwa. Mbili, alifanya mwenyewe ila kwa kasoro. Tatu, alifanya mwenyewe bila kasoro. Vigezo 5 vya usafi na usalama vinatoa 15, vigezo 7 vya ufundi vinatoa 21, na vigezo 3 vya muda na utunzaji wa vifaa vinatoa 9.

Hatua ya 3: Toa kazi yenye vipimo kamili

Unga wa ngano g 100, siagi g 100, sukari g 100, mayai 2, beking pauda kijiko 1 cha chai (ml 5). Oveni nyuzi 180 za Selsiasi, dakika 20 hadi 25. Muda wote saa 1 na dakika 30, usafi ukiwemo.

Siku moja kabla, pima kitu kilekile kwenye kila mizani. Mizani inayotofautiana na nyingine iondoe, usitegemee kwamba utakumbuka kuisamehe.

Hatua ya 4: Sahihisha mpango kabla ya siku ya kupika

Mpango uonyeshe vifaa, mfuatano na dakika. Unachotafuta hasa ni kazi zinazokwenda sambamba: oveni inawashwa kabla siagi haijaanza kupigwa, vyombo vinaoshwa keki ikiwa ndani. Aliyeandika "kuoka dakika 20, kisha kuosha vyombo dakika 20" bado hajajifunza kupanga kazi ya jikoni, hata kama mwandiko wake ni safi.

Hatua ya 5: Zunguka kwa kufuata matukio

Mtahini mmoja asizidishe wanafunzi 8. Usimgande mmoja, fuata nyakati zinazotoa ushahidi: kupima, kupiga siagi na sukari, kuingiza mayai, kuchanganya unga, kufungua oveni.

Kuingiza mayai ndipo ufundi unapojianika. Anayeyapiga kwanza na kuyamimina kidogo kidogo, huku akipiga kila mara, hupata mchanganyiko laini. Anayeyamwaga yote kwa mkupuo, au yakiwa ya baridi kutoka kwenye friji, ataona mchanganyiko umekatika: chembechembe za mafuta zinaelea kwenye majimaji. Hapo usiandike sifuri haraka. Subiri uone kama atagundua na kuchota kijiko cha unga kutoka kwenye ule aliokwisha kuupima ili aurudishe pamoja. Akifanya hivyo bila kuambiwa, amestahili 2. Akiongeza unga mpya kutoka kwenye pakiti, ameharibu na vipimo.

Kwenye unga, tazama mkono. Unga huingizwa taratibu kwa kijiko cha chuma, kwa kukata na kukunja. Anayekoroga kwa nguvu anatoa hewa yote aliyoiingiza na kukaza unga, na baadaye keki itakuwa ngumu yenye mashimo marefu.

Usimsemeshe mwanafunzi anayepima viungo. Ila ukiona hatari, kama kamba ya umeme ndani ya maji au kitambaa karibu na moto, zuia mara moja, kisha andika kwamba umezuia. Usalama hausubiri alama.

Hatua ya 6: Pima matokeo

Keki zote zipoe kwa muda ule ule, tuseme dakika 15, zikatwe katikati, na ziwe na namba badala ya majina. Kila keki ionjwe kwa kijiko kipya, na maji ya kunywa kati ya keki na keki.

Kisha linganisha na ulichoandika jikoni. Iliyobonyea katikati: mlango ulifunguliwa mapema, beking pauda imezidi, au haikuiva. Iliyopanda kama kilima na kupasuka: oveni kali mno au bati dogo. Nzito na fupi: siagi haikupigwa vya kutosha.

Hatua ya 7: Tathmini ya mwanafunzi

Aandike kabla hujamwambia alama zake. "Keki yangu ilikuwa tamu" haistahili zaidi ya 1 kati ya 10. "Imebonyea kwa sababu nilifungua mlango dakika ya 10" imeonyesha anajua kilichotokea. Mpe alama nzuri hata kama keki yenyewe haivutii.

MASWALI YA WALIMU

Habari za kazi, mwalimu. Nina wanafunzi 40 na niko peke yangu. Nifanyeje?

Njema. Gawa makundi 5 ya watu 8, kila kundi na siku yake. Wengine wafanye kazi ya maandishi wakati huo. Usitoe alama moja kwa kundi zima: anayeosha vyombo atabebwa na anayepika, au kinyume chake. Usiogope kazi kuvuja pia. Aliyesikia kwamba atapika keki bado lazima aipike.

Kwenye ushonaji nipime nini kwenye mshono wa kawaida?

Nafasi ya mshono iwe sm 1.5 kutoka ukingoni, ipimwe kwa rula sehemu tatu: mwanzo, katikati, mwisho. Hatua ya uzi (urefu wa kila mchomo wa sindano) iwe mm 2.5 kwa kitambaa cha pamba cha uzito wa kati. Mwanzo na mwisho ashone kurudi nyuma hatua 3 au 4 ili uzi usifumuke. Pande mbili za nafasi ya mshono zitandazwe huku na huku na kupigwa pasi kabla ya kushona sehemu nyingine. Wengi huacha pasi mpaka mwisho, na mshono haulali tena. Geuza kitambaa: vitanzi upande wa chini kwa kawaida ni uzi wa juu usiopita vizuri kwenye sahani za mkazo (visahani vya cherehani vinavyobana uzi), si wa bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) kama wengi wanavyodhani. Hatua zilizorukwa ni sindano iliyopinda, butu, au iliyofungwa vibaya. Mwache atafute chanzo mwenyewe. Kutengeneza kosa nako kuwe kigezo.

Umeme ukikatika keki ikiwa ndani?

Andika saa ilipotokea. Ondoa zile 25 za matokeo, kisha geuza alama za 75 zilizobaki kuwa asilimia. Mwenye 60 kati ya 75 anapata 80. Tathmini yake ihusu kazi aliyoifikia.

Mwanafunzi mwenye mzio wa mayai je?

Uliza darasa mapema, kabla ya kununua vitu. Mpe kazi nyingine yenye kupima, kuchanganya na kuoka, kwa vigezo vyenye uzito ule ule, na meza yake iwe mbali na mayai. Asilazimishwe kuonja.

Mimi na mwenzangu tunatofautiana sana alama.

Mpimeni mwanafunzi mmoja pamoja, kila mtu na karatasi yake, bila kuonyeshana. Mkipishana zaidi ya alama 1 kwenye kigezo, kosa mara nyingi liko kwenye maneno ya kigezo. Kiandikeni upya, mjaribu kwa mwanafunzi mwingine.

Anayetumia mkono wa kushoto anakata kitambaa vibaya, nimpunguzie?

Kwanza angalia mkasi. Mkasi wa mkono wa kulia ukishikwa kwa kushoto, wembe wa juu unaziba mstari wa chaki na vidole vinasukuma nyembe ziachane, kwa hiyo kitambaa kinakunjwa badala ya kukatwa. Mpe mkasi wake, umpe na kipande cha mazoezi, ndipo upime ukingo.