Bunduki ya zamani ya jeshi iliyokatwakatwa: uirudishe ilivyokuwa au uiuze tu?

Hii ni ya ndugu zangu mlioko Marekani, manake huko ndo hizi bunduki zimejaa. Baba mkwe anafariki, shemeji anakuletea kitu kirefu kimefungwa kwenye blanketi, anakwambia chukua hii, mzee alikuwa anawindia kulungu. Unaingia mtandaoni unaona Mauser ya vita ya pili inauzwa zaidi ya dola elfu moja, ushaanza kupiga hesabu. Tulia kwanza. Ile ya kwenye picha haijaguswa, ya kwako imeguswa.

Baada ya vita majeshi yalimwaga silaha zao sokoni, Lee-Enfield, Mauser, Springfield, watu wakawa wanaagiza kwa posta kwa bei ya kutupa mpaka sheria ya silaha ya Marekani ya 1968 ilipofunga huo mlango. Mtu akishapata yake anakata mbao ya mbele ipungue uzito, anatoboa matundu afunge darubini, anapiga vanishi, huyo porini. Zilikuwa nyingi na rahisi, nani angewaza kuzitunza?

Kabla ya lolote fungua bolti, kile chuma cha nyuma unachovuta na kusukuma kupakia risasi, angalia kwa macho na upitishe kidole chemba, pale risasi inapokaa, hakikisha hamna kitu. Ukishajiridhisha, jiulize swali moja tu: kilichokatwa ni mbao au ni chuma?

Mbao inatafutwa nyingine. Chuma ndo balaa. Chukua Lee-Enfield No. 4 kwa mfano, tazama mdomo wa mtutu, ule wa kiwandani una vinundu viwili vya kushikia singe. Kama vipo, mtutu haujafupishwa. Kama havipo, funga bolti, teremsha kijiti kutokea mdomoni mpaka kigote, weka alama, kitoe upime. No. 4 inatakiwa inchi 25.2, Springfield 1903 ni 24, M1917 ya Mmarekani ni 26, Kar98k, yaani ile Mauser ya Mjerumani, ni kama 23.6. Ikipungua hapo, ujue msumeno umepita.

Halafu angalia juu ya lile pande la chuma ambalo bolti inaingia, hao wenyewe wanaliita resiva. Ukikuta matundu ya skrubu za darubini, yanazibika ndiyo, ila mnunuzi anayejua atayaona hata uyazibe vipi. M1917 ndo inauma zaidi, ilikuwa na masikio mawili ya chuma yanayolinda kilengeo cha nyuma na wawindaji wengi waliyasaga. Yakishasagwa achana na habari ya kurudisha, windia au uza.

Sasa namba. Kar98k ilipigwa namba kwenye vipande vingi, resiva, mtutu, bolti, hadi vidude vidogo. Kama zinalingana, chuma hakijatobolewa, na ni mbao tu iliyokatwa, hapo una kitu, hiyo inastahili kurudishwa. Na kabla hujasema mbao imeharibika, sogeza ile pete ya chuma inayobana mbao na mtutu uchungulie chini yake, manake kuna askari wa Kimarekani walikata mbao hapo hapo ili bunduki iingie kwenye begi la kurudi nayo nyumbani. Mkato huo pete inauficha, unaungwa vizuri tu, na wakusanyaji wengi wanauvumilia.

Tuje kwenye hela. Mbao yenyewe siyo inayokumaliza, kinachokumaliza ni vile vidude: kifuniko cha juu cha mtutu, pete, kofia ya mbele, skrubu zake, kilengeo, kila kimoja kwa muuzaji wake na posta yake. Andika bei zote kwenye karatasi kabla hujanunua hata skrubu moja. Mara nyingi utakuta jumla inakaribia bei ya bunduki nzima ambayo haijawahi kuguswa, na ya kwako hata ikimalizika bado itaitwa iliyorudishwa, siyo ya asili. Kwa hiyo msimamo wangu, kama lengo ni faida, usirudishe, uza ilivyo. Kama ni ya mzee na unataka ikae kwenye familia, rudisha polepole, ila msasa usiguse mbao na chuma usikipake rangi upya, ile mihuri iliyogongwa ndo thamani yenyewe.

Kama ni Springfield 1903 soma namba kwanza. Zilizotoka kiwanda cha Springfield Armory zenye namba chini ya 800,000 na cha Rock Island chini ya 285,507, chuma chake kilipikwa vibaya na baadhi zilipasuka. Hizo weka ukutani, usipige. Na bunduki yoyote iliyobadilishwa bolti au mtutu, fundi bunduki aipime kwa geji zake kwanza.

Ila siyo kila iliyobadilishwa ni takataka jamani. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliposhuka Mombasa Aprili 1909 kuja kuwinda alikuwa na Springfield iliyotengenezwa upya kwa ajili ya mawindo. Ukikuta jina kama Griffin & Howe (mafundi maarufu wa bunduki za mawindo) kwenye mtutu, usiguse kitu, tafuta mthamini.

Kuuza: kisheria resiva ndo bunduki, vingine kwa sheria ya taifa ni spea tu, ndo maana wengine wanaichinja kama gari bovu na wanapata zaidi. Mnunuzi wa jimbo lingine lazima apitie kwa dila mwenye leseni, na ndani ya jimbo lako soma sheria za hapo. Kwenye tangazo piga picha ya matundu, ya namba na ya mdomo wa mtutu, usifiche. Na wewe uliyeko huko kwa viza ya masomo au ya matembezi, hiyo ya shemeji usiipokee kabisa kabla ya kuongea na mwanasheria, manake kwa viza hizo kumiliki bunduki ni kosa la jinai isipokuwa kwa vipengele vichache kama leseni halali ya uwindaji. Mwenye grinikadi hilo halimgusi.