Somo: Kukagua namba za kontena kwa Python (soma kabla ya kunijia inboksi)

Nimechoka kuulizwa "namba imekataa, nifanyeje?" Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena namtumia linki.

1. Sakinisha maktaba ya Python ya kukagua namba: pip install python-stdnum

2. Kwenye skripti (ISO 6346 ni kanuni ya namba za kontena): from stdnum import iso6346

3. Safisha namba, toa vistari na mapengo. Tarakimu zikiwa kwenye safu yake peke yake, hesabu: ziwe sita, kisha ile ya ukaguzi, yaani ya mwisho, inayokokotolewa kutokana na herufi na tarakimu zilizotangulia. Excel hula sifuri za mbele.

4. Kagua: iso6346.is_valid('CSQU3054383') inarudisha True.

5. Ikirudi False, USIIREKEBISHE MWENYEWE. Hapa ndipo nilipoungua. Maktaba hii ina calc_check_digit, inayokokotoa tarakimu ya mwisho. Nilipokuwa mgeni kwenye ofisi ya uwakala hapa Kilindini nikajiona mjanja: namba ikikataliwa, skripti inafuta tarakimu ya mwisho na kubandika inayokubalika. Orodha nzima ikawa kijani, bosi akanisifu. Kumbe aliyechapa alikuwa amepindua tarakimu za katikati. Mfano, CSQU3054383 ikichapwa CSQU3045383, hesabu itadai mwisho uwe 1, skripti yangu itaweka 1, na CSQU3045381 itapita bila kelele. Dereva alizunguka yadi Shimanzi tangu asubuhi hadi adhuhuri akitafuta boksi ambalo halikuwepo. Gharama ya trela ya siku ile nililipa mimi.

Kwa hiyo ikikataa, omba picha ya mlango wa kontena. Tarakimu ya ukaguzi kwa kawaida huchorwa ndani ya kisanduku chake. Linganisha herufi kwa herufi.

Na True haina maana kwamba kontena lipo. Maktaba haijui meli wala yadi, inajua hesabu tu. Misimbo ya wenye kontena, yaani zile herufi za mwanzo, husajiliwa na BIC, shirika la kimataifa la kontena, kule Paris.

MASWALI

Mtu wa Changamwe: Haifanyi kazi kwangu. Saidia haraka kaka.
— Haifanyi kazi vipi? Weka namba na kosa lililotokea.

Mtu wa Changamwe: Nimetumia iso6346.validate, inasema InvalidChecksum, yaani tarakimu ya ukaguzi hailingani. Si niweke tu tarakimu inayotakiwa?
— Rudi hatua ya 5. Usome, usipitishe macho.

Binti Kibokoni: Shikamoo mwalimu. Kwenye jedwali la kugeuza herufi kuwa namba nimeona A ni 10 lakini B ni 12. Mbona 11 imerukwa?
— Marahaba mwanangu, swali zuri. Kila herufi na tarakimu huzidishwa kwa 1, 2, 4, 8, hadi 512 kulingana na nafasi yake, zinajumlishwa, kisha jumla inagawanywa kwa 11 na tunachukua baki. Sasa B ingekuwa 11, popote ukiiweka baki yake ni sifuri, kama vile haipo. Ndiyo maana 22 na 33 nazo zimerukwa: K ni 21, L ni 23, U ni 32, V ni 34. Chukua CSQU305438 ukokotoe kwa kalamu. Jumla ni 6185, baki 3.

Binti Kibokoni: Nimepata 3! Na baki ikiwa 10?
— Inaandikwa 0. Ndiyo sababu wenye kontena hushauriwa wasitumie namba za aina hiyo, zinachanganyika na zenye baki 0 ya kweli.

Fundi simu, Mwembe Tayari: Hii maktaba inafaa IMEI, namba ya utambulisho wa simu, pia?
— Ndiyo, stdnum.imei. Piga *#06#, chukua tarakimu 15, kagua. Lakini simu ya wizi nayo hupita, usije ukanilaumu. PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi Kenya) ipo kwenye stdnum.ke.pin, ila hiyo inaangalia umbo tu.

Mtu wa Changamwe: Nimetumiwa picha ya mlango. Ilikuwa 8, tumeandika 3.
— Haya. Picha za WhatsApp waambie watume kama dokumenti, zikibanwa 8 na 3 hazitofautiani.