Kabla hujaunda kompyuta ndogo ya mezani yenye nguvu, pima kwanza joto la chumba

Kabla hujanunua hata skrubu, tundika kipimajoto juu ya meza utakayofanyia kazi, ukisome saa nane mchana. Chumba changu hapa Nyalenda, Kisumu, kiko chini ya mabati yasiyo na siling, na Februari hufika nyuzi 32. Vipimo vya mitandaoni vinavyosema prosesa fulani, yaani ubongo wa kompyuta, inakaa nyuzi 75 mara nyingi vilichukuliwa kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kitu. Feni haipoezi hewa, inasukuma tu ile iliyopo. Chumba kikizidi kwa nyuzi kumi, prosesa nayo inazidi kwa karibu nyuzi kumi, na ile 75 inakuwa 85 bila mtu yeyote kukosea.

Mwinuko nao una lake. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama 1,850. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja ya kumi, ya Nakuru kwa karibu moja ya sita, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo kila feni inapozunguka. Watu wa Nakuru wanafidiwa na baridi yao. Sisi hatufidiwi na kitu.

Baada ya chumba, hesabu wati. Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta mwishowe hugeuka joto na kubaki humo humo chumbani. Mtu aliyekaa kitako hutoa kama wati 100, kwa hiyo mashine inayokula wati 400 ni wageni wanne waliokaa na hawana habari ya kuondoka. Prosesa ya Core i9-14900K inaruhusiwa kupanda hadi wati 253 ikikazwa. Ryzen 9 7900, yenye kori 12 (vitengo vya kufanyia hesabu), hukomea 88. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, na nilichagua hiyo ya pili bila kujuta. Kadi ya michoro ni vivyo hivyo: RTX 4070 imepangiwa wati 200, RTX 4090 wati 450. Hata zile 200 si lazima uzitumie zote. Ukishusha kikomo hadi asilimia 75 kwenye programu ya kadi, kasi inapungua kidogo tu huku joto likishuka sana, kwa sababu wati za mwisho ndizo huleta faida ndogo kuliko zote. Mimi sijaona njia ya bei nafuu zaidi ya kupata utulivu, na wanaotangaza feni za taa hawatakuambia. Kama una UPS, ile betri ya akiba umeme ukipotea, angalia wati zake pia, si VA (namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi) peke yake: ya VA 650 mara nyingi haibebi zaidi ya wati 390.

Sasa kasha. La kwanza nililinunua kwa macho. Nafasi juu ya prosesa ilikuwa milimita 70, hitisinki niliyoagiza, kile kipoza cha chuma kinachokaa juu ya prosesa, ikawa 70 kamili pamoja na feni yake. Ikaingia, kifuniko kikafunga, nikajiona fundi. Nilipoanza kutoa (export) video ya kwanza, kasha likaanza kuvuma. Mama wa bibi harusi alikuja kukagua kazi akaketi dakika mbili, akageuka dirishani, akauliza: "Mwanangu, hapa jirani kuna posho mill?"

Feni ilikuwa imebanana na vitobo vya kifuniko. Hewa inayovutwa kupitia kwenye vitobo huvurugika, na bapa za feni zikiikata papo hapo hutoa ule mvumo wa nyuki waliofungiwa kwenye chupa. Nikatafuta hitisinki fupi zaidi, ya milimita 57, na mvumo ukaisha. Lakini joto likapanda! Ile nafasi ya milimita 13 niliyoiacha ikawa mlango wa nyuma: feni iliacha kuvuta hewa ya nje, ikawa inanyonya tena hewa moto ya ndani ya kasha. Dawa ilikuwa chini ya kitanda. Nilichukua ndala kuukuu, nikafuata ukingo wa feni kwa kalamu, nikakata pete kwa wembe. Soli ilikuwa na unene wa karibu milimita 13, kana kwamba ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Niliibana kati ya feni na kifuniko bila gundi, na prosesa ikashuka nyuzi sita. Kwa hiyo ukipima kasha, usitafute hitisinki ndefu kuliko zote inayoweza kuingia. Acha nafasi, kisha uizungushie pete.

Kipenyo cha feni nacho kina maana. Ukipunguza mwendo wa feni kwa nusu, kelele yake hushuka kwa kama desibeli 15, kwa hiyo feni ya milimita 120 inayosukuma hewa ile ile polepole ni bora kuliko ya 92 inayohangaika. Pawa saplai, kile kifaa kinachoilisha mashine umeme, ni hivyo hivyo: za saizi ndogo ya SFX kwa kawaida zina feni ya 92, SFX-L, ndefu kidogo, huwa na ya 120. Chukua yenye uwezo kama maradufu ya unachotumia, feni yake itasinzia muda mwingi.

Upoezaji wa maji kwenye kasha dogo mimi siutaki. Pampu haina siku ya kupumzika, na ikifa unangoja kifurushi kutoka Nairobi. Feni ikifa unafungua skrubu nne.

Kisha wadudu wa ziwa. Wakija kwa wingi jioni hufuata mwanga, na feni yenye taa za rangi ni karamu yao. Zima taa hizo au usizinunue. Weka wavu wa nailoni nje ya kasha, mahali unapoweza kuubandua na kuusuuza, maana ukiwa ndani utausahau hadi uzibe. Wavu usiwe na matundu madogo kupita kiasi, ukaifungia mashine pumzi.

Kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapowashwa, feni isibadilishe mwendo kila prosesa inaposhtuka. Ielekeze ikae mwendo mmoja hadi nyuzi 70, halafu ipande taratibu. Sikio huzoea sauti isiyobadilika, ila inayopanda na kushuka huliudhi usiku kucha. Ukiishi kando ya barabara ya Kondele unaweza kuiruka sehemu hii.

Muulize muuzaji mapema siku za kurudisha bidhaa, kisha ujaribu mashine ndani ya siku hizo: kifuniko kimefungwa, saa nane mchana, kazi nzito kwa saa nzima. Usiku weka simu pale maikrofoni inapokaa, urekodi dakika moja mashine ikiwa kazini, halafu usikilize kwa vipokea sauti vya masikioni. Rekodi yangu ya mwisho ilinasa vyura wa upande wa ziwa, bodaboda moja ikikata kona, na mbali kidogo, feni.