Umezoea voliboli ya ndani? Soma hii kabla hujashuka mchangani

Watu wengi wanakuja bichi wakidhani voliboli ni ileile, basi unavua viatu tu unaingia, halafu seti ya kwanza haijaisha washaanza kuhema. Wavu kweli ni uleule, mita 2.43 wanaume na 2.24 wanawake, ila mengine mengi inabidi ujifunze upya. Nikisema ya ndani namaanisha ile ya watu sita, hata kama kwetu tunaichezea nje kwenye simenti.

Kwanza mko wawili. Uwanja haupungui sana, kutoka 18 kwa 9 unakuja 16 kwa 8, kwa hiyo kule ndani kila mtu ana kama mita za mraba 13 na nusu za kulinda na huku una 32 zako mwenyewe, hakuna libero (yule mlinzi maalumu wa nyuma), hakuna wa benchi wa kukupokea, ukichoka umechoka. Ndo maana usikimbie ovyo, msome mpigaji mapema, angalia bega lake. Piga hatua fupifupi maana ndefu zinazama, na kwenye smashi ruka wima, ile ya kujirusha mbele kama simentini mchanga unaimeza yote.

Sasa mikono, hapa ndo marefa wanawamaliza watu wa ndani. Kule unaweza kudokoa mpira kwa ncha za vidole ukaudondosha nyuma ya bloku, yaani mikono ya wanaoruka wavuni kuziba smashi, mchangani ni faulo, tumia vifundo vya vidole au kiganja kigumu. Sevu usiipokee kwa vidole, pokea kwa mikono ya chini. Na bloku ikigusa mpira huo ni mguso wa kwanza, mmebakiwa na miwili, wakati ndani bado mna mitatu kamili. Hili watu wanalisahau kila siku jamani.

Upepo nao ni mchezaji, tena kwa pwani yetu kipindi cha kusi ndo usiseme. Ukisevu ukiwa unakupiga usoni piga kwa nguvu, wenyewe utaushusha mpira, ukiwa mgongoni punguza la sivyo unatoka nje. Ukimnyanyulia mwenzako mpira usiupeleke juu sana, utapeperuka. Mnabadilishana upande kila pointi 7 zikitimia, seti ya tatu kila 5, ili hakuna anayekaa na upepo au jua peke yake. Seti ni mbili kati ya tatu, za 21 na ya mwisho 15, sio tano za 25 kama ndani. Mpira wenyewe ni mkubwa kidogo na laini, usiujaze upepo ukawa mgumu kama ule wa ndani.

Olimpiki ya Tokyo, ile iliyochezwa 2021, Kenya ilipeleka zote mbili, Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake, ndani na Gaudencia Makokha na Brackcides Agala mchangani. Tafuta video zao uwaangalie, utaona tofauti haraka kuliko mimi kukuelezea.

Mwisho mawasiliano. Anayekwenda kubloku anaonyesha ishara mgongoni, kidole kimoja anaziba mpigo wa kufuata mstari wa pembeni, viwili anaziba mpigo wa kukata uwanja, na wewe wa nyuma unalinda palipobaki. Halafu kabla ya sevu ya kwanza mkubaliane mpira wa katikati ni wa nani.