SOMO: Kuhesabu likizo ya uzazi, ugonjwa na msiba bila kumpunja mfanyakazi

Wiki hii tu nimepigiwa simu nne kwa swali hilihili, kwa hiyo nalimaliza hapa. Ni kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Zanzibar wana sheria yao.

1. Hakikisha mfanyakazi ametimiza miezi sita kazini.

2. Pokea taarifa kwa maandishi. Mjamzito aitoe angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, na cheti cha daktari.

3. Uzazi: siku 84 zenye malipo, 100 akijifungua mapacha. Baba: siku 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Msiba au mtoto kuugua: angalau 4.

4. Ugonjwa ni siku 126: 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu. Tulia hapa. Siku hizo ni za mzunguko wa miezi 36, na mzunguko unaanza siku mtu alipoajiriwa. Mimi nilikuwa naanza Januari kwa wote. Mama mmoja aliajiriwa tarehe 1 Machi 2018. Mwaka 2020 aliugua siku 60. Aprili 2021 akalazwa tena, nami nikaona zimebaki siku 3 za mshahara kamili, nikamkata nusu. Alikuja na slipu ya mshahara imekunjwa mara nne, akaniuliza kwa upole, "Kaka, hapa nimekosa nini?" Hakukosa kitu. Mzunguko wake mpya ulianza tarehe 1 Machi 2021, siku zote 63 zilikuwa zake. Tulimrudishia, lakini ada ya shule ya mwanawe ilikuwa imeshamchelewa.

Kwa hiyo: usitumie Januari. Usinakili tarehe ya mwenzake. Usikate nusu kabla ya kufungua barua ya ajira.

5. Mpe barua yenye tarehe ya kurudi, nakala ibaki kwenye faili.

MASWALI

Bosi_Kibaha: Mkuu, uzazi ni siku ngapi? Na naweza kukata kwenye likizo yake ya mwaka?

Mtoa somo: Hatua ya 3. Na hapana, likizo ya mwaka ni siku 28 za peke yake.

Bosi_Kibaha: Lakini duka langu ni dogo.

Mtoa somo: Sheria haikuuliza ukubwa wa duka. Ukimwachisha kazi kwa sababu ya mimba utaitwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wa migogoro ya kazi, na huko huna utetezi.

Mama Tumaini: Samahani kaka, mfanyakazi wetu amejifungua njiti wa wiki 32. Zile 84 zinatosha?

Mtoa somo: Asante kwa kuuliza, dada. Marekebisho ya 2025 yanamwongezea muda uliobaki kufikia wiki 40, kwa hiyo huyo ana wiki 8 za ziada. Akirudi, mpe hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku, ndani ya saa za kazi. Sisi tulimtengea mwenzetu chumba cha stoo chenye pazia na kiti, akawa anakamua maziwa kwa utulivu.

Karani_Moro: Baba mkwe akifariki?

Mtoa somo: Sheria imetaja mwenzi, mtoto, mzazi, babu, bibi, mjukuu na ndugu. Mkwe hayumo. Lakini hicho ni kima cha chini, mpe akazike.

Karani_Moro: Nimeongeza safu ya "mwisho wa mzunguko" kwenye Excel, inageuka nyekundu mwezi mmoja kabla.

Mtoa somo: Safi sana. Tuwekee hapa hiyo fomula.